Oili na Maji Ndani ya Injini: Nani Kamfuata Mwenzake?

Pikapu ya dizeli ya rafiki yangu ilifika gereji ikivutwa kwa kamba. Fundi akafungua mfuniko wa rejeta, akachovya kidole, kikatoka na kitu kizito chenye rangi ya chai ya maziwa iliyolala: oili iliyochanganyika na maji. Hakuhitaji kuangalia zaidi. "Gasketi ya hedi imeungua, tufungue." Hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda kwa juu, ikashuka, ikapelekwa kuchongwa uso unyooke, na gasketi mpya, ile inayoziba kati yake na bloki (mwili wa injini), ikafungwa. Siku nane baadaye chai ilikuwa imerudi kwenye rejeta. Hedi ikashuka tena, ikachongwa tena, na chai ikarudi tena. Safari hii hukumu ilikuwa nzito: bloki imepasuka, katafute injini nyingine.

Aliyeiokoa ile injini ni mzee mmoja aliyezeekea kwenye malori, na alianza na kitu ambacho wenzake walikiruka. Alichomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, akakitazama kile kitambaa juani. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida ya dizeli, haina dalili ya maziwa. Ndipo akauliza: "Hapa maji yameifuata oili, au oili imeyafuata maji?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelifikiria swali hilo.

Mafundi wengi wakiona maziwa hukimbilia hedi, na si kwa ujinga. Gasketi ya hedi ndipo mahali ambapo silinda, maji na oili vinapita jirani kabisa, vikitenganishwa na ukingo mwembamba wa chuma. Lakini mambo yanayoweza kuleta rangi ile ni mengi. Mengine yanataka injini ishushwe yote, mengine dawa yake ni kuendesha gari safari ndefu, mpaka Chalinze na kurudi. Ukianza na spana kabla ya swali, unalipia kazi usiyoihitaji.

Presha ndiyo inayoonyesha njia

Ndani ya injini inayowaka kuna presha tatu, na hazilingani hata kidogo. Zipime kwa tairi unayoijua: tairi ya gari dogo hujazwa PSI 32 hivi. Maji ya rejeta yanashikiliwa na mfuniko wake, na kwenye magari mengi ya Japani mfuniko huo umeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kama PSI 13 hadi 16, nusu ya tairi au pungufu. Oili, gari likiwa mwendoni, husukumwa na pampu kwa PSI 30 hadi 70. Gesi ya ndani ya silinda ni ulimwengu mwingine: kwenye injini nzima ya petroli kompresheni peke yake hucheza karibu na PSI 170 hadi 200, na mafuta yakishika moto inapanda mara kadhaa.

Sasa tuseme kitundu kimetoboka kati ya njia ya oili yenye presha na njia ya maji. Injini ikiwaka, oili ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo oili ndiyo inayovuka. Inaingia kwenye maji, inapanda juu kwa kuwa ni nyepesi, na unaikuta kwenye rejeta na kwenye chupa ya akiba. Dipstiki inabaki safi. Ukizima gari mambo yanageuka: presha ya oili inaanguka hadi sifuri mara moja, lakini maji bado yamechemka na yamebanwa, na yatakaa hivyo kwa muda mpaka injini ipoe. Katika muda huo maji yanaweza kurudi kwa njia ile ile. Ndiyo maana gari lililopuuzwa kwa wiki kadhaa mara nyingi linakuwa na maziwa kote kote, na hapo kusoma dalili kunakuwa kugumu.

Kama kitundu kipo mahali ambapo oili haina presha, hadithi ni tofauti. Oili inayorudi chini kutoka kwenye hedi inateremka kwa uzito wake tu, na ile iliyotulia kwenye sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini, haisukumwi na chochote. Ufa ukitokea huko, wa kuvuka ni maji peke yake. Rejeta inabaki safi ila maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, na oili kwenye dipstiki inapanda juu ya alama. Dipstiki inayoonyesha oili imeongezeka wakati hakuna aliyeongeza si jambo la kushangilia. Ama maji yameingia, ama ni mafuta ya kuendeshea gari.

Kuna jambo lingine linalowapoteza wengi. Gasketi ya hedi ikiungua, pabaya zaidi mara nyingi ni kati ya silinda na njia ya maji, na pakifunguka hapo oili haihusiki kabisa. Gesi ya moto inapiga ndani ya maji, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama gogo dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, maji yanarushwa kwenye chupa ya akiba, gari linachemsha. Oili inabaki safi kama asali. Kwa hiyo oili safi haimaanishi gasketi ni nzima, na maziwa hayamaanishi gasketi imeungua.

Maziwa ya uongo

Fungua mfuniko wa kujazia oili. Ukikuta utando wa rangi ya malai upande wa ndani, usipige simu kwa mtu yeyote kwanza. Chomoa dipstiki. Kama oili yake ni safi, kiwango cha maji ya rejeta hakijapungua na gari halichemshi, huenda unaona jasho la injini tu.

Jasho hilo linatoka wapi? Petroli ikiungua inazaa maji. Kila lita moja inayochomwa hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke, na karibu yote hupita kwenye ekzosi. Kiasi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni, kikashuka kwenye sampu. Injini ikipata moto wake kamili na kukaa nao, unyevu huo unageuka mvuke na kufyonzwa na mpira wa kupumulia. Gari la safari fupi, nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi shuleni, halifiki huko. Mvuke unapanda, unakutana na mfuniko uliopoa, unageuka matone. Ukiwa Njombe, Limuru au Kabale asubuhi ya baridi, hili ni jambo la kawaida kabisa.

Lakini kwa nini gari la Dar es Salaam, mji usio na baridi, lipate jasho hilo? Hapa nina ugomvi na desturi moja ya gereji zetu. Gari likichemsha mara moja tu, thamostati inatolewa na kutupwa, eti nchi ya joto haiihitaji. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, ambalo kwenye magari mengi ni nyuzi 80 na kitu hadi 90 za Selsiasi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na injini inatembea ikiwa vuguvugu. Unyevu haukauki, malai yanaota kwenye mfuniko, na fundi yule yule aliyeitoa anakuambia gasketi imeungua. Mkanda huo nimeuona zaidi ya mara moja. Rudisha thamostati, badilisha oili, endesha gari mwendo wa saa nzima. Yale malai yasiporudi, hukuwa na ugonjwa.

Yapo pia maji yaliyotoka nje kabisa. Aliyewahi kuvuka Jangwani, kule Dar es Salaam, mvua zikiwa zimefunika barabara anajua maji yanavyofika mpaka kwenye bampa. Injini inayavuta kupitia njia ya hewa, yanaingia silinda, yanateremka hadi kwenye oili. Maji ya rejeta hayajapungua hata kidogo, lakini dipstiki ni uji mtupu. Gari likizimika kwenye mafuriko usijaribu kuliwasha tena. Maji hayabinyiki kama hewa, pistoni ikiyakuta yamejaa silinda inagonga ukuta, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoishikilia pistoni. Toa plagi zote kwanza, zungusha injini, yaache yatoke. Na ukishabadilisha oili ya injini, kumbuka giaboksi na difu nazo zina vitundu vya kupumulia, huenda zimekunywa vilevile. Kadhia kama hii hutokea hata kwa pampu ya kuoshea magari, mtu akielekeza maji ya nguvu kwenye mdomo wa dipstiki.

Kama ni ya waridi

Rangi ya maziwa nayo inasema kitu. Kahawia au krimu ni oili ya injini. Ukikuta ndani ya rejeta rangi ya waridi, kama maziwa ya stroberi, na gari lako ni la giaboksi ya otomatiki, usiiguse hedi. Kwenye magari mengi ya otomatiki mafuta ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa kwenye bomba lililo ndani ya rejeta yenyewe. Bomba hilo likipasuka, mafuta mekundu na maji vinachanganyika huku na huko. Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za mwaka 2005 hadi 2010 zilisifika vibaya kwa tatizo hili, mpaka wenye magari huko Marekani wakafungua kesi ya pamoja. Rejeta ni bei nafuu. Giaboksi sivyo: maji yanalegeza gundi inayoshikilia karatasi za msuguano kwenye klachi zake, na gari likiendeshwa hivyo hata siku chache, giaboksi imekwisha. Hapa ni kuzima na kuvuta, hata kama nyumbani ni karibu.

Vipimo vya mkono mtupu

Kabla ya mashine yoyote, kuna vitu viwili unavyoweza kufanya mwenyewe.

Cha kwanza kinataka usiku mmoja. Acha gari limesimama mahali tambarare hadi asubuhi, usiliwashe. Weka beseni chini ya sampu, kisha ulegeze nati ya kutolea oili polepole, usiitoe yote. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yaliyojitenga yatakuwa yamelala chini kabisa, nayo ndiyo yatakayotoka kwanza: kijito chembamba, cheupe au chenye rangi ya kulanti (dawa inayotiwa kwenye maji ya rejeta), halafu ndipo oili ifuate. Yakitoka, huna haja ya kubishana na mtu. Yasipotoka, bado hujamaliza, maana oili ya injini ina viungo vya kusafisha ndani yake, aina fulani ya sabuni, na maji yakishapigwapigwa humo na krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, yanashikana nayo na hayajitengi tena.

Hapo ndipo cha pili kinapoingia. Weka kipande cha bati au kijiko cha chuma juu ya jiko mpaka kipate moto wa kukaangia, lakini kisifike kuiwasha oili. Dondosha tone moja la oili kutoka kwenye dipstiki. Oili kavu inatandaa kimya kimya. Yenye maji inachatata, kama kitunguu kibichi kikitua kwenye mafuta ya moto. Fanya kwanza na tone la oili mpya ili masikio yajue tofauti. Weka uso wako mbali, fanyia nje, na hicho kijiko kisirudi jikoni.

Baada ya hapo ni vifaa vya gereji. Pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta hubana maji mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, injini ikiwa baridi na imezimwa. Sindano ikishuka na nje hakuna palipolowa, maji yanaingia ndani. Toa plagi, au nozeli kama ni dizeli, kisha zungusha injini: silinda inayotema maji imejitaja yenyewe. Hata plagi zenyewe zinasema, kwa sababu iliyopigwa na mvuke huwa safi kupita wenzake, kama imeoshwa.

Kipo pia kichupa chenye dawa ya buluu kinachokaa juu ya rejeta na kunusa hewa yake. Kama gesi ya silinda inavujia kwenye maji, dawa inageuka njano. Kwenye dizeli mabadiliko huwa hafifu, mara nyingi yanaishia kijani. Kipimo hiki ninakipenda kwa kile kinachokataa kuliko kinachokubali. Kinanusa gesi ya moto peke yake. Ukiwa na oili kwenye rejeta na dawa imebaki buluu hata baada ya kuisumbua injini, njia ya silinda si mshukiwa wako mkuu. Tafuta kati ya oili na maji.

Kwenye pikapu yetu ndivyo ilivyokuwa. Mzee alitumia kichupa hicho, dawa ikabaki buluu. Akaenda moja kwa moja kwenye kipoza oili, kile mafundi wanachokiita oili kula, na jina linakifaa maana kikiharibika kinakula kweli. Ni kisanduku kidogo chenye vibati vilivyopangwa, kimefungwa ubavuni mwa bloki karibu na filta. Oili inapita upande mmoja wa kila kibati, maji upande wa pili. Injini nyingi za dizeli zinacho. Alikitoa, akaziba matundu, akakitia hewa ya kompresa na kukizamisha kwenye ndoo. Kimya. Vijana wakaanza kutazamana. Mzee akaagiza sufuria ya maji ya moto. Alipokizamisha mle, baada ya dakika kama mbili, uzi mwembamba wa viputo ukaanza kupanda kutoka kwenye pembe moja. Chuma kilikuwa kinafunguka kikipata joto tu.

Malori na yale yanayohitaji kushusha kweli

Kwenye injini nyingi kubwa za malori kuna mshukiwa ambaye gari dogo kwa kawaida halinaye. Silinda zake ni laina za kuchomeka, na maji yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Chini ya kila laina kuna ringi za mpira zinazozuia maji yasishuke kwenye sampu. Zikichoka, maji yanadondoka tone kwa tone, na rejeta haina oili hata kidogo. Laina yenyewe pia inaweza kutoboka. Pistoni inavyoipiga, inatetemeka, viputo vidogo vinazaliwa na kupasuka juu ya chuma, na kila kimoja kinang'oa chembe. Kulanti sahihi ina kemikali zinazotengeneza ngozi ya kukinga. Maji ya bomba hayana, na ya kisima cha pwani yenye chumvi ndiyo mabaya zaidi. Wanaodhani kulanti ni dawa ya barafu tu, kwa hiyo sisi haituhusu, ndio wanaonunua laina mapema.

Hedi nayo hupasuka kweli. Injini ya Toyota ya 1KZ-TE, iliyoingia kwenye Prado na Hilux Surf nyingi, inajulikana kwa hedi kupata nyufa baada ya kuchemsha. Ukiamua kushusha, dai vipimo. Kipimo cha unyofu ni rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na kwenye injini nyingi ndogo za petroli za Toyota kikomo ni milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Hedi ipimwe ufa kwa presha, kabla ya kuchongwa. Matundu ya bolti yakaushwe kabisa, maana maji au oili iliyobaki chini inaidanganya spana ya kupimia nguvu ya kukaza au kuipasua bloki. Ukaze kuanzia katikati kwenda nje, kwa mpangilio wa kitabu.

Kingine kisichoepukika ni kuosha. Oili iliyolala kwenye maji inavimbisha mipira na kuilegeza. Pikapu ilioshwa kwa sabuni isiyo na povu, thamostati ikiwa nje kwa muda huo tu, maji yakabadilishwa mara sita mpaka yalipotoka bila utando, na mipira miwili iliyokuwa laini kama sponji ikatupwa. Kama ni maji yaliyoingia kwenye oili, badilisha oili na filta, washa injini kwa dakika chache bila kuipa mzigo, kisha badilisha tena. Usidanganyike kwamba "itakauka yenyewe": metali, yaani beringi za krankshafti, zinaelea juu ya utando wa oili, na uji haubebi. Kilichomwagwa kikusanywe kwenye dumu. Kulanti ina utamu unaovutia mbwa na watoto, na ni sumu.

Kipoza oili kipya kilifungwa mchana mmoja, na rejeta haijaona maziwa tena. Ila ile hedi ilikuwa imeshachongwa mara mbili bila kosa lolote. Kwenye dizeli hakuna pa kuchonga sana, kwa sababu pistoni na valvu zinapishana kwa nafasi ndogo mno. Rafiki yangu ameambiwa kwamba siku itakayohitaji kushuka kwa sababu ya kweli, haitachongeka tena, anunue nyingine.